Masahihisho Mara Tatu

Kwako Tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifundisha kwamba barua isiyoanza na salamu ni amri, na mimi sitaki tena kukuamrisha. Nilikuamrisha vya kutosha wiki zile ulizolala chumbani kwangu Kashai. Ulitaka jambo moja tu, nikurudishe Muleba ufike ukiwa hai. Sikukurudisha. Ndilo ninalokuandikia leo, na ukiona nazungukazunguka nivumilie, nitalifikia.

Nianze na daftari letu, kaunta buku lile la jalada la bluu ambalo juu yake ulikuwa umeandika neno moja kwa herufi kubwa: GET. Uliniambia hilo ni neno la mvivu. Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi na ulilichukia kama watu wanavyomchukia fuko shambani. Mtoto akipokea barua anaandika get. Akifika sokoni, get. Akielewa hesabu, akipanda gari, akizeeka, akipona malaria, kote ni get. Ukasema tutazitafuta maana zake zote, mimi na wewe, na kila maana tuipe neno lake halisi: receive, arrive, understand, become, recover.

Kazi hiyo tuliifanya uani, kando ya mikeka ya kahawa. Nilikuwa darasa la tano. Wewe unageuza kahawa kwa reki, mimi nasoma kamusi yako iliyokwisha kupoteza kurasa za mwanzo. Anayeleta maana mpya anapumzika, mwenzake anashika reki. Nadhani ndivyo nilivyokijua Kiingereza, kwa uvivu tu. Siku niliyorudi na get lost, niliyotupiwa na msichana mmoja wa darasa la saba, ulicheka mpaka sahani ya senene ikakuponyoka, na mama akatufukuza wote wawili jikoni kwake. Bado ulikwenda kuiandika, namba thelathini na moja, na pembeni ukaweka: go away.

Sheria nyingine ulitoka nayo darasani. Atakayetumia get ovyo anazungushiwa duara la wino mwekundu, neno linalofaa linaandikwa juu yake, halafu anaiandika sentensi nzima upya mara tatu. Masahihisho. Hukuwa na huruma hata kidogo. Barua nilizokuandikia kutoka bwenini zilinirudia zina maduara, nami nilikaa nikafanya masahihisho na kuyatuma kwa posta, wenzangu wakinicheka. Mara moja tu nilikukamata wewe. Nilikuzungushia duara kubwa kupita yote, nawe ukaandika mara tatu kwa mwandiko mzuri, bila kunung'unika.

Mama alipofariki tukamzika kwenye kibanja nyuma ya nyumba, kati ya migomba, karibu na babu. Nafasi yako iliachwa ubavuni mwake. Kila Jumapili ulipotoka kanisani ulipita pale kwanza, kabla hata ya kuvua koti. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mwalimu Bukoba, nimepanga Kashai, nakuja kukuona mwisho wa mwezi.

Kisha kiharusi. Baba mdogo alikukuta umeanguka juu ya kahawa, mkono wa kulia hauna nguvu, mdomo umekwenda upande, sauti haitoki. Tulikuleta hospitali mjini. Walipokuruhusu, daktari alinivuta pembeni akaniambia nisitegemee mengi. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikupeleka kwangu.

Ulianza kuomba siku ileile. Ulinyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani, upande wa barabara ya Muleba, ukanitazama, ukanyoosha tena. Baba mdogo akawa anapiga simu karibu kila siku kusema mzee aletwe nyumbani, watu wanataka kumwona naye awaage. Kwetu mtu mzima haachwi afie kwenye chumba cha kupanga. Analetwa mapema, analazwa karibu na migomba yake, ndugu wanakaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni na kumsikiliza, hata kama anaongea kwa macho. Nimelijua hilo tangu utoto. Lakini nilimjibu kisomi: kuna kliniki, kuna dawa, kuna mazoezi ya mkono. Nikasema huko kijijini mtamuua. Nilisema hivyo, Tata, nawe unasikia.

Nikabuni ujanja. Nilikupakia kwenye bajaji nikakupeleka Hamugembe, kwa mwalimu mwenzangu mwenye migomba nyuma ya nyumba. Nikakuketisha kivulini nikakwambia, si unaona Tata, ni kama nyumbani tu. Miaka yote ulinifundisha kwamba hakuna maneno mawili yanayolingana kabisa, kwamba hata ukiyaweka mstari mmoja kwenye daftari kila moja lina kwake. Ukaitazama migomba ya watu, ukalia. Nilikufuta machozi nikamwambia mwenyeji ni upepo wa ziwani.

Wiki ya tano nilikuwekea lile daftari mapajani, pamoja na penseli, ili mkono wa kushoto upate mazoezi. Ulihangaika mchana kutwa. Ulipomaliza uligonga ukingo wa kitanda nije nisome. Uliandika: GET ME HOME. Nifikishe nyumbani.

Sasa nimelifikia. Mezani nilikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi na mkononi nina kalamu nyekundu. Nilifurahi mno kuona umeandika, nikacheka, nikazungusha duara kwenye GET, juu yake nikaandika TAKE. Nikakuonyesha nikitegemea utacheka na ule upande mmoja wa mdomo uliobaki mzima. Hukucheka. Ulinitazama kwa muda mrefu, na mimi nikakwepesha macho.

"Wiki ijayo, Tata," nilikwambia. "Tumalize kliniki kwanza."

Nikarudi kwenye rundo langu.

Watu wakiniuliza nasema sikujua ulikuwa unataka nini. Ni uongo. Nilielewa tangu uliponyoosha mkono dirishani mara ya kwanza. Nilijua ukifika kwenye kibanja utatulia, ukitulia utakufa, na mimi nitabaki bila mtu wa kunisahihisha. Niliogopa, ndiyo maana yenyewe. Woga wangu niliupa jina la matibabu, nikawashinda wote kwa maneno.

Ulikufa Jumanne asubuhi nikiwa darasani. Jirani ndiye aliyekukuta. Kesho yake saa kumi jioni tuliingia Muleba, wewe ukiwa kwenye sanduku nyuma ya pikapu. Baba mdogo alikuja akanifungulia mlango wa gari.

"Umemleta," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Afadhali angenizaba kofi mbele za watu.

Nilirudi Kashai msiba ulipokwisha, nikaanza kukusanya vitu vyako. Daftari lilikuwa juu ya stuli kando ya kitanda. Lilikaa pale siku zote zile na mimi nikawa naweka bakuli la uji juu yake. Nikalifungua. Chini ya duara langu ulikuwa umefanya masahihisho. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka: TAKE ME HOME. Mstari wa pili: TAKE ME HOME. Mstari wa tatu: TAKE ME, basi, penseli imeteleza mpaka ukingoni mwa ukurasa.

Mzee wangu, mwalimu wa watu, ulinitii. Ulidhani ukiandika sahihi nitakupeleka. Na mimi mwalimu wako sikurudi kusahihisha.

Nimejaribu kuumalizia mstari ule wa tatu, neno moja tu limebaki, lakini mkono unakataa. Nimeuacha ulivyouacha. Darasani wanafunzi wangu wanaandika get wanavyotaka, na mkuu wa shule ameshaniuliza kulikoni. Nilimwambia kalamu nyekundu zimeisha.

Lala, Tata, pembeni ya mama. Migomba ya upande wako imezaa, baba mdogo anaipalilia vizuri. Wakisema wewe nawe ulifika nyumbani, usiwasahihishe, wanasema kwa wema. Mimi na wewe tunajua. Hukufika. Uliletwa.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Koku