Jina la Bibi Yangu Halimo Katika Biblia

Baraka, siku ya Mungu, baada ya saa nane. Mvua ya asubuhi imekatika, ziwa limetulia, na mimi nimeshiba furaha mpaka bugali umenishinda. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, amelala kwenye mukeka, nywele bado mbichi. Acha niandike kabla hajaamka, maana akiamka atauliza ninaandika nini, nami nitaona haya.

Kosa lilikuwa langu. Nianzie hapo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, Mprotestanti mtoto wa Mprotestanti. Bibi yangu alizaliwa Lweba, katika nyumba ya Wakatoliki. Tumeoana miaka minane. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Riziki, kwa hiyo sisi ni Baba Riziki na Mama Riziki, yamekwisha. Miaka yote hiyo tunasali pamoja katika kanisa langu, lakini siku ya Meza ya Bwana, mkate ukianza kupita, yeye anatoka inje pamoja na wale ambao hawajapata ubatizo wa maji mengi. Padri alimmwagia maji kichwani alipokuwa mchanga, na kwetu hayo hayahesabiwi. Anakaa kwenye mawe karibu na mlango, anabembeleza watoto wa wengine mpaka tumalize.

Mwaka huu alisema mwenyewe, akipepeta mchele: "Baba Riziki, mi nimechoka na yale mawe. Ambia muchungaji aniandike."

Nilifurahi sana. Sikujua kwamba jina litatuletea maneno.

Kila mtu anajua mambo yalivyo sasa. Tangu Serikali ituambie tuache majina ya Wazungu na turudie ya mababu, hakuna tena Petro wala Maria kwenye kitambulisho. Bibi yangu ni sitwayeni Machozi, mwananchi Machozi. Alizaliwa katika juma la matanga ya babu yake, wakamwita hivyo, na hajalipenda hata siku moja. Jina analolipenda ni lile la ubatizo, Veronika. Mimi mwenyewe ninalitumia siku akiwa na homa, na siku ninapomwomba radhi.

Kanisani kwetu kuna desturi ambayo haikuandikwa popote. Mchungaji akimzamisha mtu ziwani, analitaja jina la Kikristo kwa sauti ndogo, juu ya maji tu. Katika daftari linaandikwa la mababu. Hivyo Mungu anasikia na Chama kinachotawala hakisikii.

Mchungaji wetu ni mtu mwema, mwoga kidogo, kama mimi. Alimuuliza bibi yangu jina lake la maji ni lipi. Aliposikia Veronika akafunga macho. Mzee huyu anaijua Biblia kama mama anavyojua jiko lake.

"Ile haiko, mama yangu. Kuko Sara, kuko Rebeka, kuko Lidia, kuko Priskila. Chagua moja."

"Mi sichague jina sawa kitenge."

"Mama, sikia. Bakinisikia natamka jina ya Bazungu, batanifunga. Kama ni kufungwa juu ya jina, basi ikuwe ya Biblia!"

Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu. Nikasema: "Limo. Nitakuonyesha." Jamani, mdomo! Nilikuwa nimemwona Veronika huyo kwa macho yangu, amechorwa ukutani katika kanisa la Wakatoliki kule Fizi, anampangusa Yesu uso kwa kitambaa njiani kwenda msalabani. Nikafikiri kitu kilichochorwa ukutani kanisani lazima kimetoka Injili. Mchungaji akanipa majuma matatu, mpaka siku ya ubatizo.

Nilimaliza Marko wakati wa mapumziko ya shule. Nikamaliza Matayo, Luka na Yoane chini ya baraza, wakati wengine wanalala usingizi wa mchana. Njia ya msalaba yote nikaitembea mara nne, na hakuna mwanamke wa kitambaa. Bibi yangu akipita na ndoo ananiuliza:

"Mwalimu, umenipata?"

"Bado."

"Angalia kwa Baroma. Pengine nilienda kutembea."

Alikuwa anacheka, lakini nilimfahamu. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba kweli hayumo.

Juma la pili nilichukua kinga, baiskeli yangu, nikaenda Fizi. Kwenye tambarare nilikipanda, kwenye milima tukatembea wote wawili. Padri wa kule ni mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, unamutafuta ndani bure. Huyu iko inje."

Akaingia chumbani, akatoka na kitabu kinene cha Kifaransa. Ndani yake kuna maandiko ya Wakristo wa kwanza, yale ambayo hayakuingia katika Biblia. Nilishtuka. Nitaungama hapa, maana nani atasoma haya: nilikuwa ninafikiri Biblia ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imeshonwa tayari, na jalada lake jeusi.

Kumbe hapana. Padri alinieleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu sehemu za hesabu. Makanisa ya kwanza yalikuwa na barua nyingi na habari nyingi, na kila moja lilisoma yale lililokuwa nayo. Miaka na miaka waliulizana: hii imetoka kwa mitume kweli? Hii inasomwa na wote? Kuna barua zilizosomwa mbele ya watu muda mrefu, kisha zikaachwa. Kuna kitabu kilichomo leo ambacho wengine walikikataa kwanza. Na kuna habari za Yesu mtoto, anafinyanga ndege wa udongo, anapiga makofi, wanaruka.

"Hiyo ni kweli?" nikamuuliza.

"Ile ya ndege? Mi sizani," akasema Padri. "Lakini kubakia inje haiko kusema yote ni mubaya. Ingine ni uongo, ndiyo. Ingine iko sawa barua ya mujomba. Unaisoma nyumbani na unafurahi, lakini hauipeleke ku altare."

Nilipenda maneno hayo. Nilipenda pia ndege wale, na sioni aibu kusema.

Kisha akanifungulia ukurasa. Ni habari ya kesi ya Yesu mbele ya Pilato. Watu wanakuja kumshuhudia. Mmoja ni mwanamke, kitambaa hana, anapaza sauti kutoka mbali, anasema alitokwa damu miaka kumi na mbili, akashika pindo la nguo ya Yesu, akapona. Wakubwa wanamjibu kwamba sheria yao haipokei ushuhuda wa mwanamke. Na hapo, katika kitabu hicho, mwanamke yule ana jina.

Veronika.

Padri aliweka kidole kwenye ukurasa kabla sijaruka. "Polepole, Mwalimu. Kitabu hiki kiliandikwa miaka mingi baada ya Injili. Hakuna muntu anaweza kuapa kama jina lake lilikuwa hili."

Akaniazima kitabu, nikarudi Baraka nikishuka milima bila kugusa breki.

Bibi yangu alikuwa anachagua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye ungo. Nikakaa karibu naye, nikamsomea, Kifaransa kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni. Nilipofika kwenye jina mikono yake ilisimama.

"Ule wa damu? Ule wa miaka kumi na mbili?"

"Ndiyo yeye."

"Lakini ule iko mu Biblia!"

"Yumo. Jina ndilo limebaki inje."

Kisha akakasirika, na alipokasirika nilimpenda kupita siku ya harusi. "Banaume nyinyi! Bameandika miaka ya ugonjwa, bameandika banganga bamekula vitu vyake vyote. Kumuuliza jina, hapana!"

Nilimcheka, akanirushia ndagala moja. Lakini onyo la Padri sikumwambia. Nililimeza siku mbili. Nilikuwa tayari kwenda kwa mchungaji na nusu ya ukweli mkononi, mimi ninayewachapa watoto kwa kusema uongo. Siku ya tatu akaniangalia nikila.

"We unakula sawa muntu anaficha kitu."

Nikamwambia yote: kwamba kitabu ni cha baadaye, kwamba hakuna wa kuapa, kwamba pengine mtu fulani alimwonea huruma mwanamke yule, akampa jina tu. Nilitegemea atalia. Hakulia. Aliniuliza neno moja, kama mtu huyo aliyempa jina alifanya vibaya. Nikakifunga kitabu katika kitambaa, nikampelekea mchungaji pamoja na onyo la Padri.

Mchungaji alikaa na kitabu siku nne. Jana alikuja nyumbani, akakikunjua kutoka katika kitambaa, akanirudishia kwa mikono miwili. Niliona amekisoma kweli, maana macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni habari nzuri," akasema. "Imenigusa. Lakini haiko Biblia, Mwalimu, na we mwenyewe unajua. Mama Riziki, kesho utaniambia Sara, ao Lidia, ao utangoja mwaka kesho."

"Ndiyo, Baba Muchungaji," bibi yangu akajibu. Basi. Akamletea chai.

Mwaka mmoja tena kwenye mawe. Nilitaka kumwambia achukue Lidia tu, jina ni jina, nyumbani yeye ni Mama Riziki hata hivyo. Namshukuru Mungu nilifunga mdomo, mara moja katika maisha yangu.

Leo asubuhi tuliteremka ziwani, mvua ikinyunyiza kidogo. Walikuwa kumi na mmoja wenye nguo nyeupe. Kwetu kila mmoja anatoa ushuhuda kwanza, ndipo anaingia majini. Wengi wanasema maneno mafupi: nilikuwa mlevi, nimeacha; nilikuwa mwizi, nimeacha. Mtu wa Chama alikuwepo pia, amesimama karibu na mitumbwi, kama kila mwaka.

Zamu ya bibi yangu ilipofika aliingia mpaka kiunoni, akatugeukia sisi tuliokuwa kando ya maji. Ninaandika maneno yake kama alivyosema.

"Mi nilizaliwa mu matanga. Bakaniita Machozi, juu bote balikuwa banalia. Kisha Padri akanibatiza, bakaniita Veronika, na siku ile bote balifurahi. Kuko mwanamuke mu Biblia. Alitokwa damu miaka kumi na mbili, akashika nguo ya Bwana kwa nyuma, akapona. Bwana akamuita binti. Lakini jina yake habakuandika. Bengine banasema alikuwa Veronika. Baba Riziki amenielezea kama hakuna anaweza kuapa. Basi, Baba Muchungaji, mi siombe jina yake. Mi namupa yangu. Kama hana, achukue hii, tuwe somo, jina moja, mi na yeye."

Nikasogea mpaka maji yakaniingia viatuni.

Mchungaji alisimama majini, mvua inamtiririka kwenye paji la uso. Kisha akauliza, sijui kama alituuliza sisi ao alijiuliza mwenyewe: "Mwanamuke ule iko mu Biblia?"

"Iko!" tukajibu sisi wote.

"Basi jina sasa iko."

Akamshika mabega. Wale wengine wote alikuwa amewanong'oneza. Huyu hakumnong'oneza. "VERONIKA," akasema, mzee wetu mwoga, kwa sauti ya kuita mtumbwi wa mbali, "ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nikageuka haraka kumtazama mtu wa Chama. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Mungu ambariki mtu yule. Sitaandika jina lake.

Kisha tukapanda kanisani. Meza ilikuwa tayari, kitambaa cheupe, sahani ya bati. Wale wa inje walipoinuka, bibi yangu pia aliinuka kwa mazoea. Akakumbuka, akakaa tena, maji yakimdondoka kwenye sakafu. Sahani ilitokea upande wake. Akakata kipande chake, akakishika kwanza bila kukila, akakiangalia kama mtu anayesoma barua. Halafu akanipa sahani mimi, na vidole vyake vilikuwa vya baridi sana.

Nilikaa na kipande changu mkononi mpaka wimbo ukaisha. Wazee wa kanisa walifikiri ni utakatifu.

Haikuwa utakatifu, ilikuwa aibu. Miaka minane nimekula mkate ule kila mara ulipopita, nikajipangusa mdomo, nikaimba, yeye kule kwenye mawe, na sikuuliza. Huu ni ushirika, ndivyo tunavyofundisha watu. Sasa amegeuka upande wa pili kwenye mukeka, karibu ataamka, nami bado ninajiuliza: miaka yote ile, mimi nilikuwa ninashiriki na nani?