Manifodi Niliyoipima kwa Gamba la Mgomba

Mwanangu Koku ametoka kulia sasa hivi. Alikuwa anasukuma ngumi yake kwenye tundu la gamba la mgomba, ikakwama. Nimeitoa taratibu, nikampuliza vidole, sasa ananyonya huku ananitazama kama mimi ndiye niliyemkosea.

Jumatatu ngumi hiyohiyo ilipita kwenye tundu hilohilo, akacheka.

Leo Alhamisi. Mvua imekatika ila kibanja chote cha migomba bado kinadondosha maji. Naandika haraka, sijui kama mwandiko huu utasomeka.

Ngoja nijieleze. Manifodi ya lori la kijiji chetu ilipasuka, lile dude la chuma lenye mikono minne linalogawa hewa na petroli kwenye injini. Lori likawa linakohoa na kuzimika kila likifika mlima. Dereva ni mume wangu, Deo. Maji ya rejeta yalimuunguza mkono, ndiyo maana ikabidi niende mimi Bukoba kutafuta nyingine. Ile iliyopasuka kamati ilikataa isitoke ofisini, eti mali ya kijiji.

"Basi kata kipimo chake kwenye karatasi ngumu," Deo akaniambia. "Tundu kwa tundu."

Karatasi ngumu ningeipata wapi hapa Muleba siku hizi? Jumatatu nikakata gamba la mgomba, bichi, juu ya ile iliyopasuka. Nikalining'iniza juu ya jiko likakamaa vizuri. Nikajiona nina akili. Deo sikumwambia.

Jana mzee wa duka la vipuri kule mjini aliniwekea manifodi mbili mezani. Moja ya chuma, nyeusi, nzito. Nyingine ya alumini, inang'aa. Nikaweka gamba langu. Ya chuma ilikataa. Ya alumini, tundu juu ya tundu!

"Chukua hii nyeusi, mwanangu," akasema. "Hiyo nyeupe ni ya injini ndogo."

"Kipimo ni hiki, waitu," nikamjibu kwa adabu ya Kihaya.

"Kipimo cha ndizi!" Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Haya, bibi fundi, nenda nayo. Hii nyeusi nakuwekea mpaka kesho kutwa mchana. Kuna mtu wa Nyanga anaiulizia."

Nilikasirika. Niliona ananidharau kwa darasa langu la nne. Njia nzima ndani ya basi nikaipakata ile alumini kama mtoto wa pili.

Kumbe gamba limenywea, na matundu yake yamepungua.

Tangu utotoni nasuka ngata kwa magamba ya mgomba, najua yanavyonywea yakikauka. Na bado nikasahau.

Fundi anakuja saa tisa. Mwenyekiti wa kijiji amesema lori lisipotembea Jumamosi, usukani atapewa dereva mwingine, asiyetuma mke kununua vyuma. Kahawa ya kijiji kizima imelala kwenye ghala linalovuja.

Nikiri jambo. Nimewaza kulitia gamba motoni. Jiko liko hapa, na moto upo. Nani angejua? Ningesema mzee wa mjini alinidanganya, na wote wangeniamini. Mzee yule aliyeniambia kweli!

Lakini nikinyamaza, fundi ataikaza hii alumini kwa nguvu, masikio yake ya kufungia nati yatavunjika, na dukani haitapokelewa tena. Nikisema leo, basi la kesho alfajiri lipo, na ile nyeusi bado ipo mpaka kesho mchana.

Deo hajawahi kunipigia kelele. Hilo ndilo naliogopa. Atautazama tu mkono wake uliofungwa kitambaa.

Watanicheka kijiji kizima. Wacheke. Kicheko kitakwisha, lakini Deo akinyang'anywa usukani, sijui kama atarudishiwa.

Nitaanza hivi: Baba Koku, kosa si la mzee wa dukani, ni la—

Deo ananiita. "Mama Koku, fundi kafika! Lete hicho chuma tukione!" Nasikia na sauti ya mwenyekiti. Nakwenda, na kabla fundi hajashika spana nitamwambia Deo, mbele yao wote, kwamba kipimo kilinywea na kosa ni langu.