Kiti Nilichokikataa

Leo Alhamisi, mchana. Niko Isoka, upande wa Zambia, kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Jua linawaka lakini upepo una baridi, nimejifunga kanga mbili. Shule sikuiona hata siku moja. Ninasema kwenye simu, na mjukuu wangu Subira aliyeko Vwawa anaandika kama nilivyosema. Subira, usinipambe.

Binti yangu Atu amepasuliwa tumbo asubuhi hii, ametolewa uvimbe. Aliniomba kitu kimoja tu: nimshike mkono kabla hajaingia.

Sikumshika.

Juzi mume wake alikuja kijijini kwetu Isansa kunichukua. Jana asubuhi tukaenda kupanda gari dogo la Tunduma. Sasa kwa mila yetu sisi, mama mkwe na mkwe hawagusani, hawali pamoja, hata njiani mmoja humpisha mwingine. Na gari lilibakiza nafasi mbili tu, kiti cha nyuma kabisa, paja kwa paja. Nikamwomba mama wa mbele tubadilishane. Ana mtoto mgongoni na gunia miguuni, hawezi.

"Kaa bwana, bibi, huyu si mwanao?" akasema konda.

"Ndiyo maana sikai."

"Basi apande mmoja, alipie na cha pili kikae wazi. Kiti kitupu hakinunui mafuta!"

Watu wakacheka. Mkwe wangu akashuka, akatazama pembeni, akasema, "Mama apande, mimi nitafuata." Lakini hospitali walimtaka yeye aweke sahihi. Nikamfokea arudi ndani. Nikabaki mimi, nikimtukana konda.

Gari la pili lilikaa pale mpaka lijae. Tangu asubuhi hadi adhuhuri tunawangoja watu wawili wa mwisho. Tunduma nikashuka mbio, nikavuka kwenda Nakonde. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, nikajiona nimepewa saa ya bure. Hata hiyo haikunisaidia.

"Basi la Isoka limeondoka, bamayo," akaniambia mkata tiketi, akiniita mama kwa Kibemba. "Saa yake ilifika."

Nikamuuliza kama lilijaa. Eti hapana.

Liliondoka na viti vitupu! Lingekuwa limejaa nisingekasirika hivyo.

Nililala Nakonde kwa mwanamke wa kanisa letu. Leo alfajiri nikapanda basi kubwa, tiketi ina namba ya kiti, na kando yangu hakukaa mtu hadi Isoka. Kiti kizima, wazi. Nikakitazama nikalia.

Kisha nikaanza kuwaza. Kwa nini huku hivi na kwetu vile, wakati mpaka wenyewe ni geti tu, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, shangazi huku, mpwa kule? Nilikuwa tayari kusema wenzetu wametuzidi adabu. Nikashuka njia panda ya Isoka, nikatafuta gari dogo la kunifikisha hospitali. Linangoja lijae! Konda anapiga kelele zile zile, kwa Kibemba.

Basi si adabu.

Nilipofika hospitali Atu ameshaingizwa kupasuliwa, nikakaa nje, nikampigia Subira. Akaniambia ziko nchi ambako basi huondoka kwa saa yake hata likiwa na abiria mmoja, maana serikali inachukua kodi za watu na kumlipa mwenye basi ili aondoke. Nikaelewa. Kila mahali viti vitupu vipo, ila kila mahali yuko wa kuvilipia. Kule inalipa serikali. Basi kubwa la Nakonde, tajiri wake ana mengi, hasara ya leo ataizibia kesho. Dereva wetu wa Isansa ana gari moja tena si lake, barabara ya vumbi inalitafuna, na jioni mwenye gari anataka hesabu. Atalipia kiti kwa kitu gani? Anatulipisha sisi, kwa saa zetu na magoti yetu. Yule konda nilimtukana bure.

Siyo bure kabisa. Lakini nilizidisha.

Na sisi wenyewe je? Mikutano ya kijiji nimekaa mingi. Tunaomba maji, tunaomba zahanati, tunaomba mbolea. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kuomba gari liwe na saa. Hata mimi, na mdomo wangu huu. Tumeshazoea kwamba muda wa mkulima hauna bei.

Ningeishia hapo ningeonekana mwenye akili. Ila Atu ameamka.

Ameamka mzima, Mungu ashukuriwe, midomo imemkauka. Akasema, "Pole mama. Mume wangu ameniambia gari lenu liliharibika njiani."

Mkwe wangu alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo kwa heshima. Alisema uongo ili binti yangu asijue kwamba niliijali aibu ya kiti kuliko uchungu wake.

Na aibu hiyo huwa inaondolewa. Mama mkwe humpikia mkwe wake kuku, anakula mbele yake, basi, tangu siku hiyo wanaweza kukaa benchi moja. Miaka mitatu Atu ananikumbusha. Mimi najibu kuku wangu bado wadogo. Uongo mtupu, kuku wote wamekomaa! Ukweli ni kwamba nilimnunia kijana wa watu kwa kumpeleka binti yangu ng'ambo ya mpaka.

Serikali ikitaka kutulipia viti, ilipe, nami nikirudi nitasimama mkutanoni niseme. Hili lingine halina serikali.

Atu akimaliza uji nitamwambia gari halikuharibika. Kesho nitanunua jogoo sokoni hapa Isoka, nitaazima jiko kwa wauguzaji wenzangu, na mkwe wangu atakula mbele yangu, nikimtazama usoni.

Miaka mitatu, na sijui anafananaje akicheka.