Kilichonitisha Kwenye Sinema ya Bure

Alhamisi, Julai. Baridi kali. Mlima haujatoa uso tangu asubuhi, na mikono yangu inatetemeka. Ningependa kusema ni baridi.

Mimi siogopi sinema. Niliandike hilo kwanza, maana baada ya jioni hii huenda nisiliamini tena. Kijenge nzima inanijua kwa hilo. Mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa lori, mtu anayeshuka miteremko mikali huku akipiga mluzi, lakini taa zikizimwa kwenye sinema ya Mhindi kule mjini anajifunika uso kwa kofia na kuniuliza, "Ameshaondoka?" Namwambia ameondoka. Huwa namdanganya.

Tunakaa viti vya mbele, vile vya mbao, shingo juu kama kuku wanaokunywa maji. Zipo picha tusizoziona kabisa; mlangoni unaambiwa hii si ya Waafrika. Serikali inaogopa kwamba tutaogopa. Zinazopita sizikosi. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mama wa Kihindi aliyefia kisimani, akawa anarudi kila mwezi mpevu kumwita mumewe kwa jina la utotoni. Inayofuata ni ya Kizungu, ya bwana aliyezikwa na pete yake, wezi wakaiiba, akatoka kaburini kuidai. Siku ile Baba Neema hakula. Nilikula sahani yangu na yake.

Pale barazani ninaposhona, wenzangu hubishana nami kila mara juu ya picha gani ni ya kutisha hasa. Wao wanataka damu, au zimwi lenye meno. Mimi nawaambia damu ni kazi ya bucha, na simba akitokea hiyo ni hatari tu, unakimbia basi. Picha ya kutisha lazima iwe na maiti anayerudi, na maiti huyo lazima awe anataka kitu kwa waliobaki. Nimelishikilia hilo kwa miaka, na hakuna aliyenishinda.

Leo nimeshindwa.

Jioni lilikuja gari la sinema la serikali. Picha zake hakuna anayezihesabu kuwa sinema: namna ya kuchimba choo, namna ya kupogoa kahawa, namna ya kunawa mikono. Wanatundika shuka kati ya nguzo mbili pale kiwanjani, jenereta inanguruma, na bwana wa kipaza sauti anatueleza tunachokiona kwa macho yetu wenyewe. Sikutaka kwenda. Nilikuwa namalizia pindo la gauni la Eliakunda, wifi yangu. Baba Neema akanivuta, akasema nitapofuka kwa ajili ya harusi ya watu.

Harusi yenyewe ni hii. Eliakunda alikuwa mke wa kaka yangu Elisante, na hawakujaliwa mtoto. Elisante alikwenda mashamba ya mkonge huko Tanga kutafuta maisha. Mwenzake mmoja akarudi na blanketi lake, akatuambia lori lao lilisombwa na mto uliofurika, na maiti ya Elisante haikuonekana. Habari hiyo ilitufika Mfalme bado yu hai, kabla ya huyu Malkia wa sasa. Wazee wa ukoo walisema mtu hawezi kukaa bila kaburi, basi wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kihambani, shamba la migomba la mama, kule juu ya Maji ya Chai. Mchungaji hakuupenda mgomba ule. Alisali akiwa amesimama mbali kidogo, lakini alisali. Mama alilia hadi sauti ikamkauka. Eliakunda alinyolewa nywele, akabaki pale pale kwa mama, akalima, akachuma kahawa, akamwuguza mama alipoanza kuumwa miguu. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, usizeekee hapa na mimi." Sasa anaolewa na Anaeli, seremala wa Makumira, mjane kama yeye. Wameshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili hii ni tangazo la tatu.

Baada ya vyoo ikaja picha ya sherehe za kutawazwa Malkia, zilizofanyika Tanga. Bendera, skauti, watoto wamebeba picha ya Malkia mwenyewe. Kisha ngoma, na watu wanacheza barabarani. Katikati yao akatokea mwanamume mwenye shati jeupe, kambeba mtoto mabegani, anayumba kwa madaha, na mwanamke wa kanga pembeni yake anainua mkono kumwekea mtoto kofia sawa. Bwana wa kipaza sauti akapiga kelele, "Mtazameni huyu! Huyu amekula akashiba!" Kiwanja kizima kikacheka. Mwanamume akatazama kamera, naye akacheka, kichwa nyuma, kiganja kimeshika shingo.

Hakuna mwingine duniani anayecheka huku ameshika shingo namna ile.

Sikupiga kelele. Nilijiambia watu wanafanana, Tanga ni kubwa, macho yamechoka kwa sindano. Ningejidanganya hivyo hadi nyumbani. Lakini watu walikuwa wameipenda ile ngoma, wakaanza kupiga makofi, "Rudia! Rudia!" Na yule bwana, kwa kuwa ni mtu wa kupenda sifa, akarudia.

Kaka yangu akatokea tena. Akayumba tena. Safari hii niliuona ule mwanya wa meno na lile sikio la kushoto lililochanwa na mbwa utotoni. Mtoto anafanana naye. Mwanamke kanona, anapendeza. Akashika shingo, akacheka, na watu wote wa Kijenge wakacheka naye, na mimi nimekaa katikati yao nimeshika kinywa.

Baba Neema, ambaye kwa mara ya kwanza hakujifunika kofia, alinikamata mkono.

"Mama Neema, umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni shemeji."

"Najua ni nani. Nyamaza."

Nilimfuata yule bwana wakati anakunja shuka lake. Kijana tu, mchangamfu. Nilimwuliza kama ile picha ya Tanga si ya zamani, labda wameunganisha vipande. Nilitamani sana aseme ya zamani.

"Hapana, dada. Mpya kabisa. Si umeiona picha ya Malkia? Wakati wa Mfalme hiyo ingetoka wapi?" Kisha akaniambia kwa furaha, "Watu wanaipenda sana. Jumamosi tunaipeleka Maji ya Chai."

Jumamosi. Maji ya Chai. Mama hakosi gari la sinema, hata kwa miguu ile. Eliakunda humbebea kigoda na kumkalisha mbele kabisa. Na wale watu watapiga makofi, watasema rudia.

Njiani Baba Neema alisema pengine tunyamaze, mama haoni vizuri, na Eliakunda akiolewa yataisha yenyewe. Nikamwuliza, yataishaje? Mchungaji atasimama aulize kama kuna mwenye neno, na mimi nitakaa benchi la tatu nimevaa kofia? Halafu aolewe huku mume wake anacheza ngoma Tanga? Siku ikijulikana, hakuna atakayemwita Elisante mwongo. Watamwita Eliakunda malaya. Baba Neema alinitua kikapu begani akakibeba mwenyewe.

Sasa amelala, na mimi nimekaa na gauni mapajani.

Nawaza zile picha zangu. Yule mama wa kisimani anarudi kwa sababu anampenda mumewe. Bwana wa pete anataka pete yake. Kila maiti niliyewahi kumlipia kiingilio alirudi kwa sababu kuna kitu alikitaka kwetu. Kaka yangu hakutaka kitu. Alijua tuko wapi. Barabara anaijua, posta anaijua, kuandika anajua, mimi ndiye niliyemfundisha. Alituacha tuuzike mgomba. Hataki hata kututisha.

Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Lipo na jambo lingine, na hili nalitoa hapa tu. Dada mwema angemwona kaka yake aliyekufa yu hai, angeanguka chini amshukuru Mungu. Mimi nilipomtambua mara ya pili, kabla ya hasira, kabla ya kumfikiria mama wala Eliakunda, nilisema moyoni: bora ungekuwa umekufa. Nililisema waziwazi, kama mtu anavyoagiza chai. Nalisema hata sasa. Hilo ndilo linalonitetemesha mikono.

Alfajiri nitapanda basi la kwanza. Nitaanza na Eliakunda, peke yetu, huko shambani, ajue kabla ya mtu yeyote, aamue mwenyewe atakalomwambia Anaeli na Mchungaji. Akitaka nisimame naye kanisani, nitasimama. Gauni nitalibeba. Sijui kama ni la kumpa.

Kisha nitaingia ndani kwa mama, nimwamkie, nikae karibu na miguu yake, nimwambie kwamba mwanawe yu hai. Ee Mungu, nipe uso wa mtu anayeleta habari njema.