Aya ya Tatu

Nyamisangura, Tarime
9 Juni 2021

Dada yangu Dorka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta huko Migori ukiwa mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi nipo, ila daktari amesema moyo wangu umechoka, na hakunificha. Mahindi yamekomaa vizuri. Wifi yako Akello bado ananitania kwamba mwalimu mzima nashindwa na kikombe cha uji.

Nyamera, binti wa mama yangu, nataka kukuandikia habari za ukuta wako. Mwaka 1995, vijana walipokuwa wakiacha mashamba kufuata dhahabu, niliandika makala kuhusu nyumba yako katika jarida moja la sanaa la Dar es Salaam. Nilieleza ule utepe wa manjano uliozunguka mlango, jinsi ulivyoupaka kwa kiganja, na jinsi ulivyoziacha alama za vidole karibu na dirisha makusudi, ili jicho lisipite haraka. Mchoraji wa mjini angezifuta. Akello alinicheka, akasema nimejaza kurasa nne juu ya ukuta na sijawahi kubeba hata ndoo moja ya udongo.

Makala ilikuwa ya Kiingereza, nikakusomea kwa Kiswahili. Ulifurahi, ukauliza tangu lini udongo na mavi ya ng'ombe vikaingia magazetini.

Miezi miwili baadaye wachimbaji walivamia shimo lenu la udongo wa manjano kule Gorong'a. Desturi yenu wapaka nyumba ilikuwa kutomwonyesha mtu shimo, na hilo mlilijua wewe na Akello tu. Walichimba mpaka likajaa maji. Dhahabu waliyopata haikujaza kizibo cha soda. Wewe hukupaka ukuta tena. Ulimwambia Akello mbele ya mama kwamba ameliuza shimo. Aliapa kwa watoto wake, hukumwamini. Ulipohamia Migori alikuandikia mara tatu, na barua zote ulizirudisha bila kuzifungua.

Dada, Akello hakusema kitu. Ni mimi. Mhariri alitaka kujua rangi ile inatoka wapi, nami niliona aibu kujibu kwamba sijui. Asubuhi moja niliwafuata kwa mbali mlipokwenda na ndoo zenu. Aya ya tatu ya makala inataja shimo, inataja kijito, inataja na chembe zinazometa ndani ya udongo. Siku ile nilipokusomea, niliiruka. Kisha mtu mmoja akaja shuleni na ukurasa ule mfukoni. Alijiita mpenzi wa sanaa, akanisifu sana, nikamchorea ramani. Tangu hapo, miaka ishirini na sita, nimekula chakula cha mikono ya mwanamke niliyemwachia kosa langu.

Jumapili nilimwambia. Aliendelea kuchambua maharage mpaka yakaisha kwenye ungo. Kisha akaniambia nikuandikie yote, na kwamba juu ya bahasha ataandika yeye. Nikamkumbusha kwamba ukiuona mwandiko wake utairudisha. Akasema, basi itarudi, amezoea.

Ikiwa unasoma hapa, basi umeifungua. Jibu usiniletee mimi. Mwandikie yeye.

Wasalimie shemeji Otieno na wajukuu.

Ni mimi kaka yako,
Elkana Ojwang