Ufunguo wa Duka la Mzee Rajnikant

Kariakoo, 4 Mei 2024

Komal mwanangu,
Salamu nyingi. Sisi wazima, mke wangu Sitara anakusalimu. Huko Leicester baridi imepungua?
Juzi kaka yako Manan aliniita pale dukani kwenu, nilikofanya kazi miaka yote hii, akanitamkia neno la Kiingereza, "redundancy", akasema nipumzike nyumbani. Nikaitikia kwa adabu tu. Lakini ufunguo hajauomba. Kila asubuhi bado nafungua, nawasha udi mbele ya picha ya marehemu baba yako, Mzee Rajnikant, kama alivyoniusia, nafunga, narudi zangu. Mtu aliyefukuzwa haachiwi ufunguo, au siyo? Shaibu wa Mchikichini ananitaka tuuze naye viatu vya mitumba. Nimjibuje? Neno lile maana yake nini?
Mjomba wako, Rajabu

Leicester, 19 Mei

Shikamoo mjomba,
Mimi sijambo. Waajiri hulitumia neno hilo kazi ya mtu inapokuwa haihitajiki tena. Mwizi haambiwi hivyo, wala mvivu. Anayeambiwa hana kosa, na wewe huna. Usiumie. Nitaongea na Manan.
Binti yako, Komal

Kariakoo, 2 Juni

Marahaba mwanangu,
Umenitua mzigo! Sitara alishanichosha, eti nimefukuzwa. Nimemsomea ulichoandika, kaenda kunichemshia chai. Kama sina kosa, biashara ikichangamka wataniita tu. Shaibu nimemwambia atafute mwingine. Kamchukua kijana mmoja wa hapa mtaani, Polycarp, siku hiyohiyo.
Mjomba wako

Leicester, 9 Juni

Shikamoo mjomba,
Nisamehe, nililainisha mno. Anayeambiwa neno lile haitwi tena. Hata mimi niliambiwa hapa mwezi wa pili, nikakaa nasubiri simu ya bosi. Nyumbani hakuna anayejua. Manan hajausahau ufunguo, anaona aibu kukuomba. Anabadilisha kufuli. Tafadhali usiende.
Binti yako

Kariakoo, 23 Juni

Marahaba mwanangu,
Ujumbe wako niliusoma nimeshaenda. Ufunguo haukuzunguka. Nikadhani kutu, nikaazima mafuta ya cherehani kwa fundi jirani, nikaupaka. Ndipo nikasikia harufu ya udi kutoka ndani. Kuna mtu alikuwa keshauwasha. Nilisimama pale mpaka mtaa ukajaa watu. Nililia, sikufichi.
Na wewe pole sana. Ungesema mapema, tungelia pamoja. Ukichoka huko rudi, kwetu pa kulala papo, na Sitara kashauliza unapenda kula nini siku hizi.
Ufunguo sirudishi. Haufungui kitu tena, najua. Lakini baba yako alinipa kwa mkono wake, na yeye hakuniambia nimrudishie.
Mjomba wako, Rajabu