Mafundi Wanaandikishwa Hadi Ijumaa

Jumatatu, 3 Februari

Nilimpoteza Aloyce Juni ya mwaka juzi, wiki ileile kiwanda cha ngozi alikofanya kazi kilipofungwa. Hakufa. Alipanda basi kwenda Morogoro kwenye miwa, kuhudumia boila za mvuke za watu wengine. Mume wangu wa ndoa ya kanisani. Krismasi hii iliyopita hata hakuja.

Leo dukani kwangu Majengo hakuna kazi ya kushona. Zipu moja, pindo moja. Wote wanamzungumzia Mturuki aliyenunua kiwanda kile.

Jumatano, 5

Nimekwenda getini mwenyewe. Nafasi arobaini. Nilihesabu watu mpaka mia tatu nikaacha, foleni bado inakata kona. Wengine wana digrii.

Dada wa ofisini: "Fundi boila mwenye cheti? Mama, tunatafuta watatu, tumepata mmoja. Aje mwenyewe. Mwisho Ijumaa ijayo, saa sita mchana."

Nikampigia Aloyce palepale.

"Yule mnunuzi wa kwanza naye alikata utepe, akapiga picha, akaondoka. Tutaona."

Tutaona! Nimechoka kulishwa tutaona.

Ijumaa, 7

Nilianza na cherehani ya kuazima, sasa ninazo nne, zangu. Sihitaji mtu wa kunilisha. Namtaka yeye. Anavyokohoa kabla ya kuingia ndani. Harufu ya grisi kwenye shati, ileile niliyokuwa nikiilalamikia. Basi.

Jumapili, 9

Jana kondakta wa basi la Morogoro alinikabidhi kifurushi kutoka kwa Aloyce. Ndani, jani la isale, limefungwa fundo. Hakuna barua. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huruhusiwi kukataa. Nililia dukani mbele ya mteja.

Leo baada ya misa nikapanda nalo mlimani Kirua, kwa mama mkwe. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha.

"Nani kalileta?"

"Basi, mama."

Akacheka mpaka akashika mgomba. "Mwanangu anatuma isale kama anatuma nyanya! Isale huletwa na mtu mzima, anakaa, anapewa pombe ya mbege, anasema. Hilo jani tu. Hujafungwa na kitu, mkwe."

Halafu akaniuliza kama kwenye simu sauti yake bado nzito vilevile. Nilipoaga, nikanyoosha mkono nichukue jani langu. Akasema liache hapa.

Hakuna aliyenifunga, basi. Na bado nimemsamehe. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 11

Manyunyu. Mlima haujaonekana tangu asubuhi. Nimekata ovaroli mbili, za watu wa getini.

Mchana nimemtumia ujumbe. Naunakili hapa nisije nikajidanganya kwamba niliuliza kwa mafumbo.

"Aloyce. Nimekusamehe, hata kama jani lilikuja na basi. Sikuulizi kama Mturuki atadumu. Hilo hata yeye halijui. Nakuuliza wewe. Basi la Alhamisi alfajiri linafika Moshi jioni, Ijumaa asubuhi uko getini. Usiniambie tutaona. Nijibu kesho kabla ya saa mbili usiku: unarudi, au hurudi?"